Kabati Limeuzika, Vilivyomo Bado

Kabati la mninga nililiuza siku ile ile nilipotangaza. Vilivyokuwa ndani yake, vitabu, santuri na kanda za muziki, ndivyo vinanisumbua. Nahamia kwa binti yangu kule Katandala, chumba ni kidogo, na umri wangu hautaki tena kufuta vumbi kila wiki. Ila hapa Sumbawanga ukimwambia mtu unauza kitabu cha zamani, anakutazama kama umefiwa. Na nadhani najua sababu. Huku Ufipa vitabu vilikuja kwa kugawiwa, muziki ukaja umebebwa na mtu aliyetoka mbali. Bei yake nani angeijua?

Vitabu vilianza na Mapadri Weupe. Walikabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kisha wakapanda huku juu. Askofu Lechaptois aliandika habari za wenyeji wa nchi hii kwa Kifaransa, kitabu kikatoka Algiers mwaka 1913. Walioandikwa hawakukisoma. Wao walipewa katekisimu na kitabu cha sala, na baadaye vile vilivyochapwa na kiwanda cha misheni, TMP Tabora. Nilikulia kwenye nyumba yenye kitabu kimoja tu, na kilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge vya mama.

Serikali nayo ikaleta vyake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufikia 1977 wakawa 27. Nami niliingia kazini wakati huo. Asubuhi nafundisha watoto, jioni babu zao, kwa taa ya karabai, na babu wa Kifipa ukimkosoa herufi mbele ya mkewe harudi kesho. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepita mwaka 1973: kijitabu mkononi, redio katikati ya kikundi, watu kama milioni 2 nchi nzima wakisikiliza kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Nakala yangu ninayo, mende wameanza na kona.

Muziki ulikuwa na njia yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 santuri zikaadimika hata Dar es Salaam. Sisi tulikuwa tumezoea kutazama upande mwingine, Mbala na Mpulungu kule Zambia, na Wakongo wa ng'ambo ya ziwa. Marehemu mjomba alifanya kazi migodini Kitwe, akarudi na santuri na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, akashuka nayo Kasanga kutoka meli ya Liemba. Mahari ilichelewa mwaka mzima kwa sababu ya gramafoni ile.

Halafu kaseti. Enzi hizo unapeleka kanda tupu dukani, unaandika nyimbo unazotaka kwenye kikaratasi, fundi anakurekodia kwa deki. Mwanamuziki hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekufa tangu 1979. Kanda yangu moja, upande wa kwanza ni bendi ya Western Jazz, na katikati ya wimbo mtangazaji wa RTD anataja saa. Upande wa pili mtu alirekodi kwaya ya Pasaka juu ya Tabora Jazz. Kwaya ikimaliza, gitaa linarudi, ila kipande kilichofunikwa kimepotea.

Wateja? Wanafunzi wameuliza Takadini na Watoto wa Mama Ntilie, vile vya mtihani, basi. Muuza karanga alipitia vitabu vyote akitafuta karatasi laini. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliirudisha, akasema kurasa ni ndogo, hazitoi pakiti nzuri. Kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi alipenda redio yangu ya National, akashauri kanda ziende kama nyongeza.

Aliyetoa pesa ya maana alipanda basi kutoka Mbeya, safari ambayo kabla ya lami ya Tunduma asingeifanya kwa ajili ya santuri za mjomba. Alizishika kwa ncha za vidole, akasoma lebo kwanza, mikwaruzo baadaye. Nilitaja bei nikidhani nimemkomoa. Hakubisha, nami nikajua nimetaja ndogo. Vitabu hakuvigusa. Aliuliza tu kama kuna mwingine mwenye santuri, nikamwelekeza kwa mzee mmoja wa Namanyere mwenye sanduku zima. Nilimwambia aende na pesa taslimu na asiwe na haraka. Yule mzee alikuwa karani wa chama cha ushirika.