Nani Atamlipa Aliyebomolewa Nyumba?

Katika jiji la Bruxelles kuna taasisi ya kuhifadhi hati za thamani iitwayo Euroclear. Humo ndimo imelala sehemu kubwa ya akiba ya Benki Kuu ya Urusi, iliyozuiliwa tangu majuma ya kwanza ya uvamizi wa Ukraine mwaka 2022. Akiba yote iliyozuiliwa katika nchi mbalimbali inakadiriwa kufikia dola bilioni 300. Benki ya Dunia pamoja na wenzake walikadiria mwanzoni mwa 2025 kwamba kuijenga upya Ukraine kutahitaji dola bilioni 524 katika muda wa miaka kumi. Mwenye kusikia hesabu hizo mbili huuliza mara moja: kwa nini fedha za aliyebomoa zisimjengee aliyebomolewa?

Kwamba mvamizi anapaswa kulipa, hilo halina ubishi. Tarehe 14 Novemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka hivyo juu ya Urusi kwa kura 94 dhidi ya 14, huku nchi 73 zikijizuia kupiga kura. Ugumu unaanzia penye neno kutwaa. Kuzuia mali ni kufunga mlango na kushika ufunguo. Mwenye nyumba bado ni yuleyule. Kutwaa ni kumbadili mwenye nyumba. Mali ya benki kuu hulindwa na kinga ya dola, na hatua za kumshurutisha mkosaji, kadiri ya sheria ya mataifa, hutakiwa ziwe za namna inayoweza kuondolewa siku atakapotii.

Sisi Wakongomani tunaijua tofauti hiyo kwa uchungu. Mwaka 1997 Uswisi ilizuia mali ya Mobutu. Miaka 12 ikapita, hukumu ya kuitwaa haikupatikana, muda wa kushitaki ukaisha, na mwaka 2009 franka za Uswisi milioni 7.7 zikarudi mikononi mwa warithi wake. Kesi ile haikuwa ya vita, lakini ilionyesha kwamba kufuli peke yake, hata likae miaka mingi, haliwi hukumu.

Je, imewahi kutokea kwamba fedha za mvamizi zilitwaliwa kwa utaratibu, zikawafikia waliodhulumiwa? Imetokea. Irak iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990. Tarehe 3 Aprili 1991 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 687, likaamua kwamba Irak ndiyo yenye kuwajibika kwa hasara zote za uvamizi ule, na kwamba utaundwa mfuko wa fidia na tume ya kuusimamia. Tume ikakaa Geneva. Chanzo cha fedha kilikuwa mafuta ya Irak: kwanza asilimia 30 ya mapato ya mauzo yake ya nje, baadaye 25, kisha 5. Mwaka 1992 azimio namba 778 liliziagiza nchi zilizokuwa zimezuia fedha za mafuta ya Irak zizihamishie kwenye akaunti ya Umoja wa Mataifa, na sehemu yake ikaingia katika mfuko ule. Hapo kufuli lilifunguliwa kwa amri ya chombo chenye mamlaka juu ya pande zote mbili.

Tume ilipokea madai yapatayo milioni 2.7. Jambo linalonigusa zaidi ni mpangilio wake: waliotangulizwa walikuwa watu binafsi, wafanyakazi wa Misri, wa Uhindi, wa Sri Lanka na wengineo waliokimbia Kuwait na mizigo kichwani, ambao walilipwa kiasi cha dola elfu chache kila mmoja bila kudaiwa ushahidi mzito. Mashirika makubwa na serikali zilingoja nyuma yao. Malipo ya mwisho, ya shirika la mafuta la Kuwait, yalifanyika Januari 2022, na jumla ikawa dola bilioni 52.4. Tusisahau upande wa pili: asilimia 30 ile ilikatwa katika miaka ambayo raia wa Irak, wasioulizwa lolote kuhusu vita, walikuwa wakikosa dawa. Mvamizi ni dola, lakini anayelipa mara nyingi ni mtoto wa raia.

Sasa tutazame Kisangani. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huo, katika nchi isiyo yao. Baraza lilelile la Usalama likatoa azimio namba 1304 tarehe 16 Juni 2000. Humo lilieleza maoni yake kwamba serikali zote mbili zinapaswa kulipa fidia kwa vifo na uharibifu. Lilieleza maoni, basi! Hapakuwa na tume, hapakuwa na mfuko, wala hakuna senti ya mtu iliyozuiliwa.

Kongo ikaenda La Haye. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani tarehe 19 Desemba 2005. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006 kwa sababu Mahakama iliona haina mamlaka ya kuisikiliza. Tarehe 9 Februari 2022 ikaja hesabu: dola milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali zao na 60 kwa utajiri wa asili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Uganda ilitakiwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, nayo ikaanza Septemba 2022.

Kwa hiyo Kuwait ilipata vyote viwili, hukumu na fedha. Kongo ilipata hukumu baada ya kungoja miaka mingi. Ukraine ina fedha karibu, ila hukumu bado, kwa kuwa Urusi ina kura ya turufu katika Baraza la Usalama na njia ya 1991 imezibwa. Mwezi wa Juni 2024 mataifa tajiri saba yalikubaliana juu ya mkopo wa dola bilioni 50 utakaolipwa kwa faida inayozaliwa na akiba ile, bila kugusa mtaji. Desemba 2025 viongozi wa Ulaya walishindwa kukubaliana kuutumia mtaji wenyewe, Ubelgiji ikiogopa kuachwa peke yake na deni siku ya kushitakiwa. Wakachagua kukopa wenyewe euro bilioni 90. Mwezi huohuo, huko La Haye, nchi nyingi zilitia sahihi mkataba wa kuunda tume ya madai ya Ukraine.

Kwa maoni yangu, tume hiyo ina uzito kuliko mikopo yote. Akiba ile itwaliwe, lakini itwaliwe baada ya madai kuandikwa na kupimwa, na ipitie mkono wa tume, siyo mkono wa nchi iliyoshika ufunguo. Anayetwaa leo bila hukumu kwa sababu anamchukia mvamizi, kesho atatwaa kwa sababu nyingine, na nchi dhaifu zenye akiba zao ugenini ndizo zitakazolia kwanza.

Tena njia haiishii benki. Fedha za Uganda zilipofika Kinshasa, mfuko wa kuwagawia wahanga ulikuwa tayari umeundwa. Hata hivyo, mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria alihukumiwa katika kesi ya dola milioni 19 za fedha hizo, zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza huko Kisangani.