Herufi Zilizozaliwa na Uhaba

Mraba wa nukta nane kwa nane una nukta 64. Toa safu moja chini na moja pembeni ili herufi zisigusane, zinabaki 49 za kuchorea A, Q, R na nyingine zote. Kila nukta ama inawaka ama imezimwa. Herufi za gemu na kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 zilichorwa katika dhiki hiyo, nami nashikilia kwamba zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za uchoraji wa herufi za karne ya ishirini.

Kilichokuwa haba ni kumbukumbu ya mashine. Kila mraba wa namna hiyo ulikula baiti nane, na baiti zilikuwa ghali. Kompyuta ya Apple I, iliyotoka mwaka 1976, ilitumia chipu ya Signetics 2513 iliyobeba alama 64 tu, kila moja ikiwa ya nukta tano kwa saba. Herufi ndogo hazikuwamo kabisa.

Mwaka huohuo Kee Games, kampuni tanzu ya Atari, ilitoa gemu iliyoitwa Quiz Show. Tazama herufi zake kwa makini: mistari iliyosimama ina unene wa nukta mbili, iliyolala ina nukta moja. Uamuzi huo ni wa busara sana. Kwenye televisheni za chogo, nukta moja iliyo peke yake huelekea kufifia. Zikiwa mbili bega kwa bega, hushikana na herufi ikasimama imara. Umbo hilo likavuka bahari hadi Japani. Namco ililitumia katika Galaxian mwaka 1979 na Pac-Man mwaka 1980, kisha likaenea kwa watengenezaji wengine hadi likawa sura ya gemu zenyewe. Waliozichora herufi hizi mara nyingi hawakutajwa popote, na hilo linaniuma. Msanifu Toshi Omagari alipochapisha kitabu chake Arcade Game Typography mwaka 2019, alianza kulipa deni la miaka arobaini.

Japani ilikuwa na mtihani mzito zaidi. Kanji, alama za maandishi zenye asili ya Kichina, huhitaji takriban nukta 16 kwa 16, yaani baiti 32 kwa kila alama, na orodha rasmi ya mwaka 1978 ilikuwa na kanji zaidi ya 6,000. Hizo peke yake zingehitaji zaidi ya baiti 190,000. Kaseti nzima ya Dragon Quest ya mwaka 1986, pamoja na ramani, muziki na mazimwi yake, ilikuwa na kilobaiti 64. Watengenezaji waliachana na kanji, wakaandika kwa kana, yaani herufi za silabi, na hata katakana, aina mojawapo ya kana, wakachagua chache, kisha wakatunga majina ya viumbe na silaha kwa kutumia hizo walizobakiza.

Marekani, Susan Kare aliingia Apple akiwa na shahada ya uzamivu ya historia ya sanaa, bila uzoefu wa kuchora herufi za kompyuta. Alianzia kwenye daftari la miraba. Fonti zake za Macintosh, iliyozinduliwa Januari 1984, zilipewa majina ya miji mikubwa kwa sababu Steve Jobs alitaka hivyo: Chicago, Geneva, New York. Kila herufi ilipata upana wake, i ikiwa nyembamba na m pana. Chicago ilisomeka hata nukta zake zilipopunguzwa nusu ili kuonyesha amri isiyotumika kwa wakati huo. Haishangazi kwamba iPod ya kwanza, mwaka 2001, iliirudia.

Zuzana Licko, mzaliwa wa Bratislava, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 alichora Oakland kwenye Macintosh hiyohiyo, bila kujaribu kuziigiza herufi za vitabuni. Kwake miraba ilikuwa malighafi halali, kama ukili kwa msusi wa mikeka. Jumba la sanaa la MoMA la New York liliichukua Oakland katika hazina yake mwaka 2011.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulikutana na herufi hizi kwenye simu. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na kioo cha nukta 84 kwa 48. Kiswahili kilienea humo bila shida, kwa kuwa hakihitaji alama juu ya herufi, na ujumbe wa M-Pesa ulipoanza kuingia Kenya mwaka 2007, vitochi viliuonyesha barabara. Kiswahili cha hati ya Kiarabu, ambacho herufi zake hushikana na kubadilika kulingana na mahali zilipo, hakikuwa na nafasi katika visanduku hivyo.

Leo kumbukumbu si tatizo tena, na miraba huchaguliwa kwa mapenzi. Katika gemu ya Undertale ya mwaka 2015, wahusika Sans na Papyrus huzungumza kwa fonti zenye majina yao, zilizochorwa kwa nukta. Fonti ya Press Start 2P ya Cody Boisclair, iliyofuata gemu za Namco, hupatikana bure. Anayeitumia aipange kwa pikseli 8, 16, 24 au 32. Kwa ukubwa wa 15 nukta hazikai tena kwenye miraba ya kioo, kingo huingia ukungu, na ile mistari ya nukta mbili hupoteza unene wake.