Mtaa Ulioponea Motoni Ukavunjwa na Jiji

Nyumba saba za mbao zilizoshikana kwenye mteremko wa Steiner Street, San Francisco, ni miongoni mwa nyumba zinazopigwa picha zaidi Marekani. Mjenzi Matthew Kavanaugh alizisimamisha kati ya 1892 na 1896. Picha hizo husimulia nusu tu ya habari za mtaa zilipo nyumba hizo, Western Addition.

Viwanja vya huko vilikuwa vyembamba, vingi upana wa futi 25, na jirani alikubana ubavuni. Mwanga uliingia mbele na nyuma tu, ndiyo maana madirisha yalijengwa yakachomoza nje ya ukuta kulipokea jua la pande tatu. Mbao zilitoka kwenye misitu ya redwood ya kaskazini mwa California. Nakshi zilikerezwa kwa mashine viwandani, hivyo hata familia ya kipato cha kati iliweza kuishi katika nyumba iliyorembwa.

Alfajiri ya 18 Aprili 1906 ardhi ilitetemeka. Moto uliofuata uliteketeza majengo zaidi ya 28,000. Wanajeshi walilipua majumba ya matajiri kando ya Van Ness Avenue ili moto ukose cha kula, na ng'ambo ya pili, Western Addition ikasalimika.

Baada ya moto, Wajapani wengi walihamia huko. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani iliwaondoa kwa nguvu na kuwafungia kambini. Watu weusi waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli wakaingia, na Fillmore Street ikajaa vilabu vya jazi.

Mwaka 1948 jiji lilitangaza kuwa mtaa umechakaa. Tingatinga zikaja. Barabara ya Geary ikapanuliwa, nyumba ambazo moto haukuzigusa zikavunjwa, na maelfu ya familia zikahamishwa, nyingi zikiwa za watu weusi. Nyumba 12 zilipata bahati: mwaka 1974 ziling'olewa zikiwa nzima, zikapelekwa viwanja vingine.

Waliohamishwa walipewa vyeti vya kutangulizwa nyumba mpya zikikamilika. Wengi hawakurudi kamwe. Miaka ya karibuni haki hiyo imepanuliwa hadi kwa watoto na wajukuu wao. Imechelewa mno, lakini ni haki yao, na jiji linalojivunia nyumba za Steiner Street lisiwazungushe tena.