Geisha, gitaa la nyuzi 3 na picha ya mwili mzima

Nimepotea kidogo, mambo ya tesiti si mnayajua, na bumu nalo ndio hivyo tena. Leo naandika historia kwa sababu nina hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa nakimbilia maktaba.

Mwenzangu wa chumba aliomba kazi ya siku 3 ya kupokea wageni kwenye mkutano fulani hapa mjini. Shosti Kifaransa chake maji, utani anao, mtu akikaa naye dakika 5 lazima acheke. Wakamwambia alete picha ya mwili mzima. Akapeleka. Hata usaili hawakumwita. Usiku akaniambia, "Kazi za kukaa na wageni ndivyo zilivyo tangu enzi, sura kwanza. Hata wale mageisha wa Japani." Hapo nikamkatalia.

Mageisha wa kwanza walikuwa wanaume, jamani! "Gei" ni sanaa, "sha" ni mtu. Walikuwa wapiga ngoma na wachekeshaji wa kwenye karamu, kama MC wa harusi zetu. Wanawake walianza kujiita geisha katikati ya karne ya 18, na baadaye wakawapita wanaume kwa wingi.

Sasa sikilizeni. Yoshiwara, mtaa wa starehe wa mji wa Edo (Tokyo ya leo), warembo walikuwepo tayari: makahaba wa daraja la juu, vibanio vimejaa kichwani, kimono za kumetameta. Geisha wakaja kuchangamsha karamu, na wenye nyumba za makahaba wakaona biashara yao inaingiliwa. Mwaka 1779 ikaanzishwa ofisi ya kuwasajili geisha, ikiitwa kenban, pamoja na masharti: wasiuze mwili, wasivae nguo za kung'ara, wasijipambe kupita kiasi. Yaani walinyang'anywa urembo kwa amri! Wakabaki na sauti, ngoma, hadithi, na shamisen, lile gitaa la nyuzi 3.

Na ndio waliodumu. Wale wenye vibanio walififia karne ya 19. Ukahaba wenyewe ulipigwa marufuku kwa sheria ya 1956, iliyoanza kubana kikamilifu 1958, na nyumba za Yoshiwara zikafungwa. Geisha wapo hadi leo.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni mavazi. Kule Kyoto anayepambwa kuliko wote ni mwanafunzi, anaitwa maiko: maua kichwani, mkanda mrefu unaning'inia mgongoni. Akihitimu, mapambo yanapungua. Akizidi kukomaa, hata ile poda nyeupe anaiweka kwa nadra. Mgeni anakuja kwa ajili ya maneno yake.

Msiniambie napamba mambo. Wasichana wengi waliuzwa na wazazi maskini, wakaanza kazi na deni shingoni, na mwenye sura nzuri alipata wateja haraka. Hilo silifuti.

Lakini ile filamu ya 2005, Memoirs of a Geisha, naona ndiyo iliyompotosha shosti. Bahati yote ya yule binti imewekwa kwenye rangi ya macho yake! Riwaya yenyewe ya 1997 iliandikwa na Mmarekani, Arthur Golden, baada ya kuzungumza na geisha wa kweli, Mineko Iwasaki. Mama huyo alimshtaki mwaka 2001, wakamalizana nje ya mahakama 2003, na katikati hapo akatoa kitabu chake mwenyewe. Humo kuna mazoezi ya ngoma tangu utotoni, mpaka mwili unachoka. Aliacha kazi akiwa na miaka 29 tu, kwenye kilele cha umaarufu.

Mwaka 2020 shirika la habari la Reuters lilimhoji geisha wa Akasaka, Tokyo, aliyekuwa na miaka 80, bado akiwa kazini. Alipofika hapo 1964 geisha walikuwa zaidi ya 400. Mwaka huo wa 2020 walikuwa wamebaki kama 20, naye akiwemo.

Nilimhadithia shosti yote haya taa zimeshazimwa. Akanyamaza, nikajua amelala. Mara nasikia, "Huyo bibi wa miaka 80, naye walimwomba picha ya mwili mzima?"

Tukacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.