Walio Nyuma ya Pazia: Lugha na Kuinuka kwa Muziki Pendwa wa Nigeria

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu, mlipolisoma tangazo la mhadhara huu, mlijiuliza muziki wa Nigeria una uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mwaka mmoja na jiji moja. Mwanzoni mwa mwaka 1977, jijini Lagos, Kiswahili kilipendekezwa kiwe lugha ya bara zima la Afrika. Katika jiji hilohilo, na katika majuma hayohayo, lugha nyingine isiyokuwa na baraza la kuilea wala mtaala wa kuifundisha ilikuwa ikiimbwa usiku kucha mbele ya umati wa watu. Lugha hiyo ni pijini ya Nigeria.

Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha jinsi pijini hiyo ilivyopanda jukwaani. Dai langu ni kwamba historia ya muziki pendwa wa Nigeria imeandikwa kwa majina ya waimbaji, ilhali swali la wimbo upi usikike, wapi, na kwa lugha gani, mara nyingi lilijibiwa na watu waliokuwa nyuma ya pazia: watangazaji wa redio, wapigaji vyombo, wachoraji wa majalada, wenye kampuni ndogo za santuri na wachuuzi wa kanda. Kumbukumbu za watu hao ni ushahidi wa isimujamii, na ni ushahidi unaopotea upesi.

2.0 Jukwaa la lugha nyingi

Nigeria ilipopata uhuru mwaka 1960, muziki uliotawala kumbi za hoteli za Lagos ulikuwa highlife, mtindo uliokuwa umekomaa nchini Ghana na kuenezwa na bendi ya E. T. Mensah. Bobby Benson, Victor Olaiya na, baadaye kidogo, Rex Lawson waliupa sura ya Kinigeria. Bendi hizo zilikuwa na desturi ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza: wanamuziki wa makabila mbalimbali walikaa katika bendi moja, na katika usiku mmoja hadhira ingeweza kusikia nyimbo za Kiyoruba, Kiigbo, Kiingereza na pijini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1967 na kumalizika mwaka 1970, viliivunja desturi hiyo. Wanamuziki wengi wenye asili ya mashariki waliondoka Lagos, na bendi zikabaki na mapengo. Nafasi hiyo ilijazwa na juju, muziki wa Kiyoruba ambao I. K. Dairo alikuwa ameupatia heshima kubwa, na ambao Ebenezer Obey na King Sunny Adé waliuendeleza. Mwaka 1969 Dairo alishirikiana na Haruna Ishola, bingwa wa muziki wa apala, kuanzisha kampuni yao ya santuri, Star Records. Jambo hilo lina uzito wake. Kwa muda mrefu mitambo ya kurekodia na kuchapia santuri ilikuwa mikononi mwa makampuni ya Ulaya. Wenye lugha walipoanza kumiliki mitambo, walipata pia uwezo wa kuamua ni nini kichapwe.

Aidha, tusidhani kwamba chimbuko la muziki pendwa ni hoteli peke yake. Sikiru Ayinde Barrister, muasisi wa mtindo wa fuji, alikulia katika were, muziki wa vijana Waislamu wa Kiyoruba waliozunguka mitaani usiku wa Ramadhani kuwaamsha watu wale daku. Msikilizaji aliyelelewa katika mwambao wetu hahitaji maelezo zaidi. Anazijua ngoma za daku, na anajua kwamba wapigaji wake hawakuwahi kuandikwa katika daftari lolote.

3.0 Mtangazaji, mpiga ngoma na mchoraji

Fela Ransome-Kuti aliporejea kutoka masomoni London mwaka 1963, miongoni mwa watu wa kwanza kumpokea kimuziki alikuwa Benson Idonije, mtangazaji wa vipindi vya jazi katika Shirika la Utangazaji la Nigeria. Idonije akawa meneja wake wa kwanza, na mwaka 2016 alichapisha kumbukumbu zake za miaka hiyo. Huyu alikuwa mtu wa redio, na mtu wa redio hujua kitu ambacho mwanamuziki aliyezama katika sauti yake huenda asikijue: nani anasikiliza, na ni kipi hakimfikii.

Bendi ya Koola Lobitos iliimba zaidi kwa Kiyoruba na Kiingereza, wala haikupata wapenzi wengi. Mwaka 1969 Fela alikwenda Marekani, na huko Sandra Smith, ambaye baadaye alijulikana kama Sandra Izsadore, akamfungulia macho kuhusu historia na siasa za watu weusi. Aliporudi alibadili muziki wake, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 akabadili pia lugha. Sababu aliyoitoa ilikuwa nyepesi kueleweka: Kiyoruba kingemfikisha kwa Wayoruba tu, na Kiingereza cha shule kingemfikisha kwa waliosoma tu. Pijini ingemfikisha kwa dereva wa Lagos, mchuuzi wa Port Harcourt na kibarua wa Accra kwa pamoja.

Hata hivyo, lugha haisimami jukwaani bila ya mdundo wa kuibeba. Mdundo huo ulikuwa wa Tony Allen, ambaye kabla ya kushika ngoma alikuwa fundi wa redio. Kwa kila kiungo cha mwili wake Allen alipiga mdundo wake, na juu ya mtandao huo Fela aliweza kusema, kuuliza na kukejeli kwa dakika kumi na tano au zaidi bila ya msikilizaji kuchoka. Fela mwenyewe alikiri kwamba pasingekuwapo Allen pasingekuwapo afrobeat. Pamoja na hayo, Allen aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika tawasifu yake ya mwaka 2013 suala la malipo na la kutambuliwa kwa mchango wake linajitokeza waziwazi. Alifariki Paris mwaka 2020. Laiti asingeisimulia tawasifu hiyo, sehemu kubwa ya historia ya mtindo huo ingezikwa pamoja naye.

Wa tatu ni Lemi Ghariokwu, kijana aliyejifunza kuchora mwenyewe, ambaye kuanzia mwaka 1974 alichora majalada 26 ya santuri za Fela. Majalada hayo yalikuwa zaidi ya pambo. Yalifafanua, yalitania, na wakati mwingine yaliongeza hoja ambayo haikuwamo katika wimbo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kulisoma jalada.

4.0 Onitsha: wimbo uliokataliwa

Tutoke Lagos twende mashariki, katika mji wa Onitsha, kando ya mto Niger. Kabla ya vita mji huo ulisifika kwa vijitabu vya bei nafuu vilivyoandikwa, kuchapwa na kuuzwa sokoni. Vita viliuharibu sana, na ulipojengwa upya ukawa pia kituo cha santuri.

Humo ndimo Prince Nico Mbarga, mtoto wa baba Mkameruni na mama Mnigeria, alipopiga muziki hotelini na bendi yake ya Rocafil Jazz. Wakati wa vita alikuwa ameishi Kameruni, na gitaa lake lilirudi na ladha ya rumba ya Kongo. Wimbo wake wa kumshukuru mama, Sweet Mother, ulikataliwa na kampuni kubwa ya EMI. Rogers All Stars, kampuni ya mfanyabiashara wa hapohapo Onitsha, iliupokea na kuutoa mwaka 1976. Idadi inayotajwa mara nyingi ni nakala milioni 13. Nakala za wizi hazikuwa na daftari, kwa hiyo idadi hiyo tuichukue kama ishara ya ukubwa tu. Lakini hapana shaka kwamba wimbo huo ulivuka mipaka ya Nigeria na kuenea Afrika nzima.

Naomba tulitazame tukio hilo kwa jicho la isimujamii. Wimbo ulikuwa wa pijini, yaani lugha ambayo mtoto wa shule aliadhibiwa kwa kuizungumza. Gitaa lake lilikuwa la Kikongo, ambalo masikio ya Afrika Mashariki yalikuwa yamekwisha kulizoea. Maudhui yake yalikuwa mama, ambaye hana kabila. Aliyeutoa alikuwa mfanyabiashara aliyelijua soko lake. Kampuni kubwa iliukosa wimbo huo pamoja na wataalamu wake wote.

5.0 Lagos, 1977

Tamasha la pili la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika, FESTAC, lilifanyika Lagos kuanzia tarehe 15 Januari hadi tarehe 12 Februari 1977. Miaka miwili kabla yake, huko Accra, umoja wa waandishi wa Afrika ulikuwa umependekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Mtetezi mkubwa wa rai hiyo alikuwa Wole Soyinka, na katika kongamano la FESTAC aliitetea tena. Kwa mwandishi wa Kiyoruba kuipendekeza lugha isiyokuwa yake, wala ya jirani yake, palihitajika ukarimu wa fikra, na sisi Waswahili hatujamshukuru ipasavyo.

Fela, ambaye ni wa ukoo mmoja na Soyinka na mzaliwa wa mji uleule wa Abeokuta, alikuwa amejitoa katika maandalizi ya tamasha. Kila usiku aliwapokea wageni wa FESTAC katika ukumbi wake wa Shrine, akaimba kwa pijini yale ambayo serikali isingependa wayasikie. Siku sita baada ya tamasha kufungwa, tarehe 18 Februari, askari waliivamia nyumba yake ya Kalakuta na kuichoma moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alitupwa dirishani, akafariki mwaka uliofuata. Ala za muziki na kanda zenye nyimbo zilizorekodiwa ziliteketea.

Kwa hiyo swali moja, la Waafrika wazungumze nao kwa lugha gani, lilipata majibu mawili katika jiji moja. Jibu la Soyinka lilikuwa azimio, na jibu la Fela lilikuwa wimbo. Sitaki kusema kwamba jibu moja lilikuwa sahihi na jingine kosa. Nasema tu kwamba azimio lilikosa wachuuzi. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, miaka 45 baadaye. Pijini haikungoja azimio, kwani ilikuwa na watu wa kuibeba.

6.0 Kanda na redio

Mpango wa kurekebisha uchumi wa mwaka 1986 uliishusha thamani naira. Makampuni ya kigeni yakaondoka, na mitambo ya kuchapia santuri ikanyamaza. Ilidhaniwa kwamba muziki ungekufa. Badala yake uliingia katika kanda, na kanda zikaingia katika soko la Alaba, pembezoni mwa Lagos, miongoni mwa wauza vifaa vya umeme. Wachuuzi wa Alaba walikuwa wezi wa hakimiliki na wakati huohuo walikuwa wasambazaji pekee waliobaki. Msanii alimuuzia mchuuzi kazi yake kwa mkupuo, akasahau mrabaha. Dhuluma hiyo ilikuwa ya kweli na tusiipambe. Lakini mchuuzi aliyetaka kanda moja iuzike Kano, Enugu na Ibadan alikuwa na sababu ya kibiashara ya kuipenda pijini.

Sheria ya mwaka 1992 iliruhusu redio za binafsi, na mwaka 1994 Ray Power ikaanza kurusha matangazo. Watangazaji wake wawili, Kehinde Ogungbe na Dayo Adeneye, wakaanzisha kampuni ya Kennis Music mwaka 1998. Kwa mara nyingine watu wa redio ndio walioufungua mlango. Vijana wa The Remedies walikuwa wameimba Kiyoruba na pijini juu ya mdundo wa Kimarekani. Mwaka 2004 2face Idibia alitoa African Queen, na bara zima likaitika.

Burna Boy, aliyepata tuzo ya Grammy mwaka 2021, ni mjukuu wa Benson Idonije. Meneja wake ni mama yake mzazi, Bose Ogulu, ambaye kwa taaluma ni mwalimu wa lugha na mtafsiri. Wanafunzi wangu wa tafsiri wanaoniuliza kila mwaka watakula wapi, wamfikirie mama huyo.

7.0 Hitimisho

Kabla ya kuhitimisha, nina ungamo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilifundisha pijini ya Nigeria kwa kutumia jedwali la maneno. Wanafunzi wangu walijua viambishi na asili ya msamiati wake, lakini sikuwahi kuwasikilizisha wimbo hata mmoja, ilhali Sweet Mother niliusikia redioni tangu nikiwa kijana. Nilikosea pia nyumbani. Nilimfahamu fundi mitambo mmoja aliyerekodi bendi zetu za dansi kwa miaka mingi. Alikumbuka ni maneno gani ya Kiswahili yaliyobadilishwa studioni kabla ya wimbo kwenda hewani, nani aliyeagiza, na mwimbaji alinung'unika vipi. Nilimwahidi kwamba nitakuja na kinasa sauti. Nilipokwenda nilikuta matanga.

Mwaka 2016 mwimbaji wa Nigeria, Yemi Alade, ambaye baba yake ni Myoruba na mama yake ni Muigbo, aliutoa pia kwa Kiswahili wimbo wake wenye jina la Kihausa, Na Gode. Soyinka aliomba jambo la namna hiyo miaka 39 kabla. Ni nani aliyemtafsiria maneno hayo? Nani alimsahihishia matamshi studioni? Maswali hayo ni ya idara yetu, na wenye majibu bado wako hai. Wako pia hapa kwetu, katika mitaa mnayopanga vyumba: wapiga besi wa zamani, watunza maktaba za redio, wauza kanda waliogeuka wauza simu.

Wanafunzi wapendwa, nendeni mkawasikilize, na mwende mwaka huu.