Kulima ao kuacha udongo: historia ya jembe kwenye milima ya Lemera

Kila mwaka septemba ikikaribia, familia za Lemera zinajiuliza: tupindue shamba lote na jembe, ao tufyeke majani, tuyaache chini, tupande katikati yake? Wengi wetu tunaona ni swali la agronomi tu. Lakini lina historia, na hiyo historia imejaa amri.

Ordinansi ya mwaka 1917 ilileta mazao ya lazima katika Kongo ya Wabelgiji. Dekreti ya 1933 ikaruhusu kazi za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Ukikataa, faini ao jela. Mmomonyoko ulipotisha milimani, dawa nayo ikaja kwa amri: baada ya vita, watu wa Kivu, na jirani zetu wa Burundi ng'ambo ya Ruzizi, walichimbishwa mifereji na kupandishwa majani ya kushika udongo.

Uhuru ulipofika, mifereji mingi iliachwa ijifukie. Si kwamba wazee wetu hawakujua thamani ya udongo. Walikataa fimbo, na kinga ya udongo ikaenda pamoja nayo. Hata Uluguru, kule Tanganyika, mwaka 1955 watu walisimama kupinga matuta ya lazima.

Sasa tazama Brazil. Mwaka 1972 Herbert Bartz, mkulima wa Rolândia, alichoka kuona mvua inabeba udongo aliolima, akaamua yeye mwenyewe kupanda bila kulima. Leo njia hiyo imeenea kwenye mamilioni ya hekta. Lakini Bartz alikuwa na mashine na dawa ya kuua majani. Mama wa Lemera ana jembe na mgongo wake. Asipolima, miaka ya kwanza majani mabaya yanaongezeka, na palizi ni yake. Mbuzi nao wanakula mabua yaliyotakiwa kufunika udongo.

Kwa hiyo tuangalie shamba lenyewe. Kwenye mtelemko mkali, fungua mashimo ya mbegu tu, funika na mabua, panda mistari ya majani kukata mtelemko. Udongo uliokanyagwa na ng'ombe mpaka ukawa mgumu, ulime kwanza. Kule chini, kwenye tambarare ya Ruzizi, maji hayakimbii sawa na huku juu, basi jembe halina hatari ileile. Muhogo, lakini, ukiung'oa umeshapindua udongo tayari. Jaribu kipande kidogo, linganisha misimu miwili.

Msomi anayepanda Lemera na karatasi ya mradi, akiamuru "acheni kulima", anarudisha 1917 kwa maneno mapya. Kabla ya kufundisha, aulize kwanza: nani atapalilia?