Vifundo vya Shingoni: Historia ya Kukanda Maumivu ya Kichwa

Mwaka 1885 Gustaf Norström, tabibu wa Kiswidi aliyekuwa akitibu wagonjwa Paris, alichapisha kwa Kifaransa kitabu kuhusu kutibu kipandauso kwa kukanda. Alidai humo kwamba maumivu hayo, ambayo aghalabu hushika upande mmoja wa kichwa na kuandamana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, mara nyingi huanzia mbali na pale yanaposikika, yaani katika misuli ya shingo na kisogo, ambamo vidole vya mkandaji hukuta sehemu zilizokakamaa na kufanya vifundo. Vifundo vya misuli vilikwisha kuelezwa na William Balfour wa Edinburgh mwanzoni mwa karne hiyo, lakini yeye alivihesabu miongoni mwa dalili za baridi yabisi.

Wakati huo ukandaji ulikuwa umekwisha kupata heshima katika tiba ya Ulaya, hasa kwa juhudi za Johan Georg Mezger wa Amsterdam, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1868 ilihusu kuchua kifundo cha mguu kilichoteguka, na ambaye huhusishwa na majina ya Kifaransa ya kazi ya mikono yanayotumika hadi leo. Moja la majina hayo, *pétrissage*, limetokana na kitenzi cha kukanda unga wa mkate. Kiswahili hakikuhitaji kuliazima, kwani kitenzi chake cha kukanda kinahudumia unga na mwili kwa pamoja, na kuchua nako kulikuwa na jina lake.

Ugumu ulikuwa katika kueleza vifundo hivyo ni nini. Norström aliviona kuwa mabaki ya uvimbe wa kudumu wa misuli, ilhali Wajerumani, akiwemo Max Lange aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 1931, walielekea kuviona kama mgando wa maji mazito yaliyomo ndani ya nyama ya msuli. Kila nadharia ilitegemea vidole vya aliyeitoa, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake mkubwa, kwa sababu kitu kinachohisiwa na mkono uliozoea hakiwezi kuonyeshwa kwa urahisi kwa mwenzake asiye na mazoea hayo.

Katikati ya karne ya 20 misuli ilipata mtetezi mwenye vyombo. Harold Wolff wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1948, alitenganisha kipandauso, alichokihusisha na kutanuka kwa mishipa ya damu, na maumivu yanayobana kichwa kama kilemba kilichokazwa, aliyoyahusisha na kujikaza kwa misuli ya kichwa na shingo. Kamati ya Marekani ya kuainisha maumivu ya kichwa, mwaka 1962, ikayapa haya ya pili jina la maumivu ya kukaza misuli. Naye Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Ikulu ya Marekani kuanzia mwaka 1961, alichora kwa subira ramani za maumivu yanayosafiri, ambazo yeye na David Simons walizikusanya katika kitabu cha mwaka 1983: msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi mfupa wa kifua hupeleka maumivu kwenye kipaji cha uso na kuzunguka jicho, na ule wa juu ya bega huyapeleka hadi kwenye panja. Kwa ramani hizo dai la Norström lilipata maelezo bora kuliko yale aliyoweza kulipa mwenyewe.

Hata hivyo, vipimo vya umeme wa misuli havikuonyesha daima kujikaza kulikotarajiwa kwa wagonjwa wa maumivu hayo ya kukaza misuli, na mwaka 1988 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ya kichwa, katika orodha iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Jes Olesen wa Denmark, iliacha jina la kukaza misuli ikachagua jina lisilotaja chanzo, yaani maumivu ya aina ya mkazo. Lakini toleo la tatu la orodha hiyo, lililochapishwa mwaka 2018, bado linawagawa wagonjwa hao kwa kuangalia kama misuli yao inauma ikibonyezwa, na linamwelekeza mpimaji atumie kidole cha shahada na cha kati, avizungushe kidogo huku akibonyeza kwa nguvu kwenye kipaji, panja, taya, shingo na bega.